Siku tatu na nusu Berlin: uanzie wapi, uache nini, na mjusi wa Tendaguru yuko wapi

Msomaji wa Dodoma anauliza: "Mwezi wa tano nitakuwa Berlin kwa mafunzo ya kazi. Yanaisha Ijumaa saa sita mchana, na ndege yangu ni Jumatatu usiku. Hoteli iko karibu na Alexanderplatz. Ni mara yangu ya kwanza kufika Ulaya na posho si kubwa. Nitembelee nini, nisafiri vipi mjini, na je, ni kweli kwamba yule mjusi mkubwa wa Tendaguru yupo huko na mtu wa kawaida anaweza kumwona?"

Mjusi yupo na anaonekana, tutamfikia siku ya Jumamosi. Lakini lipo jambo la kufanya ukiwa bado Dodoma, nalo ni kujiandikisha kupanda kuba la kioo lililo juu ya Reichstag, jengo la Bunge la Ujerumani. Kupanda ni bure, ila huingii bila jina lako kuwa kwenye orodha. Ingia kwenye tovuti ya Bundestag, yaani Bunge hilo, jaza jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, kisha chagua siku na saa. Utapokea barua pepe ya kukuambia ombi limefika. Hiyo siyo ruhusa. Ruhusa yenyewe huja kwa barua nyingine, na hiyo ndiyo ya kubeba. Wapo wanaofika mlangoni na ile ya kwanza wakarudishwa. Chukua pasipoti halisi, maana picha ya pasipoti kwenye simu haikubaliki, na uwahi robo saa kwa sababu kuna ukaguzi kama wa uwanja wa ndege.

Chagua Ijumaa saa mbili usiku. Mwezi wa tano jua la Berlin linazama kati ya saa mbili na nusu na saa tatu na robo usiku, kwa hiyo utapanda kukiwa na mwanga na kushuka taa zikiwa zimewaka. Kuba hilo, lililosanifiwa na Norman Foster na kukamilika mwaka 1999, lina upana wa mita 40. Unalipanda kwa njia ya mzunguko isiyo na ngazi, ukiwa umevaa spika za masikioni zinazotolewa bure, nazo zinaanza kusimulia zenyewe kulingana na mahali uliposimama. Katikati kuna nguzo ya vioo inayopeleka mwanga wa mchana chini kwenye ukumbi wa wabunge. Juu kabisa pako wazi na upepo unaingia, hivyo beba sweta hata kama mchana ulikuwa wa joto. Ukikuta nafasi zote za mtandaoni zimejaa, nenda na pasipoti kwenye ofisi ndogo ya usajili iliyo jirani na jengo. Wakiwa na nafasi wanakuandikia, ila si chini ya saa mbili kabla ya muda wa kupanda. Angalia pia kwenye tovuti kama siku hiyo kuba halijafungwa kwa ajili ya kusafisha vioo, maana hutokea mara kadhaa kwa mwaka, na siku hizo unaishia kwenye paa tu.

Ukishapanda hapo, huna haja ya kulipia mnara wa televisheni ulio jirani na hoteli yako. Ni mrefu kweli, mita 368, na chumba cha kutazamia kiko mita 203 kutoka chini, lakini kiingilio kinazidi euro 20 na siku ya mawingu unalipia kuona ukungu mweupe. Uzuri wake unauona vizuri zaidi ukiwa chini.

Sasa usafiri, maana hapa ndipo wageni wengi wanapopotezea fedha. Jiji limegawanywa kanda tatu: A ni katikati, B ni sehemu iliyobaki ya jiji, C ni nje pamoja na uwanja wa ndege wa BER. Tiketi moja inatumika kwenye treni za chini ya ardhi (U-Bahn), treni za juu (S-Bahn), tramu na basi. Tiketi ya safari moja ya AB ni karibu euro 4, ya ABC karibu euro 5. Inadumu saa mbili na unaruhusiwa kubadili gari kadiri utakavyo, mradi unaelekea mbele. Kurudi ulikotoka kwa tiketi hiyohiyo ni kosa. Ipo pia ya safari fupi, iitwayo Kurzstrecke, ya vituo vitatu vya treni au vituo sita vya basi au tramu, ambayo ni nafuu zaidi. Tiketi ya saa 24 inalipa kuanzia safari ya tatu. Kwa ratiba ninayokupangia hapa, siku nyingi utapanda mara mbili tu, kwa hiyo usiinunue kila siku kwa mazoea.

Vituo vya Berlin havina mageti. Unashuka ngazi na kuingia kwenye behewa bila mtu kukuuliza kitu, na mgeni anadhani usafiri ni bure au kwamba kununua tiketi kunatosha. Tiketi ya karatasi ya kwenye mashine ya kituoni lazima uigonge muhuri mwenyewe kwenye kisanduku kilichosimama hapohapo kwenye jukwaa, kabla ya kupanda. Unaichomeka, unasikia mlio, inatoka imeandikwa saa. Bila muhuri huo ni karatasi tu, na wakaguzi, ambao wengi wao huvaa nguo za kawaida na kutoa kitambulisho milango ikishafungwa, watakutoza euro 60. "Sikujua, mimi ni mgeni" wanaisikia kila siku. Ukinunua kwa programu ya simu ya BVG, shirika la usafiri la Berlin, hakuna cha kugonga, lakini nunua kabla hujaingia ndani ya gari. Na kwenye basi dereva hapokei noti wala sarafu.

Kadi za watalii zinazouzwa kila kona uzisome vizuri. Ile ya kawaida iitwayo WelcomeCard inakupa usafiri na punguzo kwenye viingilio. Haikupi kuingia bure. Kwa mtu ambaye nusu ya vituo vyake havina kiingilio, kama utakavyokuwa wewe, hesabu yake hairudi. Na ukikuta ushauri wa zamani mtandaoni kwamba makumbusho ni bure kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, mpango huo ulifutwa mwishoni mwa 2024.

Ijumaa mchana, basi. Panda basi namba 100 pale Alexanderplatz, lielekealo Zoologischer Garten. Ni basi la abiria la kawaida kwa bei ya tiketi ya AB, lakini linapita njia ileile ya mabasi ya watalii yanayotoza mara kadhaa zaidi: barabara ya Unter den Linden, kisiwa cha makumbusho, karibu na Lango la Brandenburg, Reichstag, ikulu ya rais ya Bellevue, kisha mnara wa ushindi, Siegessäule, katikati ya msitu wa Tiergarten. Likija la ghorofa, panda juu ukae viti vya mbele. Shuka Siegessäule, na ukiwa na miguu panda ngazi zake 285 kwa euro chache, halafu urudi kwa miguu kupitia Tiergarten hadi Lango la Brandenburg. Ni mwendo wa nusu saa chini ya miti. Kama kuna maandamano au mbio, na mwezi wa tano yapo mengi, basi hilo hubadilishiwa njia. Hapo tumia treni ya U5 hadi Brandenburger Tor.

Lango lenyewe, lililojengwa kati ya 1788 na 1791, ni la kusimama dakika kumi na kupiga picha. La kukaa nalo ni lile eneo la hatua chache kusini yake: nguzo 2,711 za zege zilizopangwa kwa mistari, ukumbusho wa Wayahudi wa Ulaya waliouawa na Wanazi. Kwa nje zinaonekana fupi kama viti. Ukiingia katikati ardhi inashuka, zege linakupita kichwa, na kelele za barabarani zinapungua. Watu hupanda juu yake kupiga picha. Usifanye hivyo. Chini ya ardhi kuna kituo cha maelezo, bure, chenye majina na barua za waliouawa, lakini hufungwa Jumatatu. Ukitoka hapo pumzika, kula, kisha kuba.

Jumamosi ndiyo siku nzito. Chukua U5 hadi Unter den Linden, badili U6 kuelekea kaskazini, shuka Naturkundemuseum. Makumbusho ya Viumbe yako barabara ya Invalidenstraße, dakika tano kwa miguu, na wikendi yanafunguliwa saa nne asubuhi (kwenye tiketi utaona 10:00, usichanganye). Nunua tiketi ya mtandaoni usiku wa kuamkia, maana Jumamosi foleni ni ya familia zenye watoto.

Unapoingia tu ukumbi wa kwanza, yuko mbele yako. Kitaalamu ni Giraffatitan brancai, urefu wake kwenda juu ni mita 13.27, mifupa mirefu kuliko yote ya dinosaria iliyosimamishwa kwenye makumbusho popote duniani. Umri wake ni kama miaka milioni 150. Usimtazame yeye peke yake: wale waliomzunguka, akiwemo Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni na mkiani, nao wengi wametoka kilima kilekile cha Tendaguru, kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi. Wajerumani walichimba huko kuanzia 1909 hadi 1913. Walioongoza kwa upande wa sayansi ni Werner Janensch na Edwin Hennig, lakini jembe lilishikwa na mamia ya watu wa Lindi, na msimamizi aliyewafundisha wengine kuchimba bila kuvunja mfupa alikuwa Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa vichwani, mwendo wa siku kadhaa, hadi bandari ya Lindi. Mjusi huyu alisimamishwa mara ya kwanza mwaka 1937, akafumuliwa 2005 na kuungwa upya 2007 kwa mkao uliosahihishwa: miguu ya mbele imenyooka chini ya mwili badala ya kutanuka kama ya kenge. Simama chini ya kifua chake uangalie bega. Mfupa mmoja wa mkono wa juu unamzidi kimo mtu mzima. Sehemu za jengo huwa kwenye matengenezo kwa zamu, kwa hiyo asubuhi hiyo pitia tovuti yao kujua ukumbi gani umefungwa.

Kama swali la kurudishwa kwa mifupa hiyo linakugusa, kama linavyowagusa wabunge wetu mara kwa mara, jadili na nafsi yako ukiwa mbele yake. Wahudumu wa ukumbini si watu wa kuulizwa.

Ukitoka, fuata Invalidenstraße kuelekea mashariki kwa miguu hadi kituo cha Nordbahnhof. Ndani ya ukumbi wa kituo kuna maonyesho ya bure juu ya vituo vilivyofungwa enzi za Ukuta uliolitenga jiji Mashariki na Magharibi, ambapo treni za Berlin Magharibi zilipita chini ya Mashariki bila kusimama, walinzi wakiwa wamejificha gizani. Ukipanda juu umefika Bernauer Straße, na hapa ndipo pa kuuelewa Ukuta. Wageni wengi hukimbilia Checkpoint Charlie, kituo cha zamani cha kuvukia mpaka, kwa sababu ya jina. Kule kuna kibanda cha kuigiza, maduka ya kofia, na msongamano. Bernauer Straße kuna ukumbusho wa mita 1,400, bure, nje, wenye kipande cha Ukuta kilichoachwa na ukanda wa kifo nyuma yake.

Hapa mpaka ulipita kwenye kuta za nyumba. Nyumba zilikuwa za Mashariki, njia ya miguu mbele ya mlango ilikuwa ya Magharibi. Ukuta ulipoanza kujengwa tarehe 13 Agosti 1961, watu waliruka madirishani, baadhi wakafa, hadi madirisha yakazibwa kwa matofali. Vyuma vya rangi ya kutu vilivyosimikwa wima vinaonyesha Ukuta ulipopita mahali ulipobomolewa. Ng'ambo ya barabara kuna jengo la maelezo lenye mnara. Panda ngazi, tazama chini, utaona ukanda wote kama ulivyokuwa: ukuta wa nje, mchanga, taa, mnara wa askari, ukuta wa ndani. Mbele kidogo ni kanisa dogo la mviringo lenye kuta za udongo ulioshindiliwa, lililojengwa mahali pa kanisa la zamani ambalo serikali ya Mashariki ililipua mwaka 1985 kwa sababu lilikuwa katikati ya ukanda. Udongo huo umechanganywa na vifusi vya kanisa lililolipuliwa. Sogea karibu uone vipande vya matofali ndani ya ukuta.

Bernauer Straße inakatana na Brunnenstraße. Kata kulia, ushuke kuelekea kusini hadi namba 193, na utazame chini kwenye njia ya miguu. Kuna kijiwe cha ukumbusho cha shaba, sentimita 10 kwa 10. Ni cha Mohamed Husen, jina lake la kuzaliwa Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1904. Alikuwa mtoto wa askari, naye akabebeshwa bunduki akiwa bado mtoto kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Alikuja Berlin 1929, akafanya kazi ya uhudumu hotelini, akafundisha Kiswahili chuoni, akaigiza kwenye filamu. Mwaka 1941 alikamatwa, na tarehe 24 Novemba 1944 akafa kwenye kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Ni rahisi kukipita kijiwe bila kukiona, hasa majani au uchafu vikikifunika, kwa hiyo tafuta namba ya nyumba kwanza. Toka hapo, kituo cha Rosenthaler Platz kiko chini kidogo, na U8 inakufikisha Alexanderplatz kwa vituo viwili. Hiyo ni safari fupi, chukua ile tiketi ya bei nafuu.

Jumapili maduka karibu yote yanafungwa, hata ya vyakula, isipokuwa machache kwenye vituo vikubwa vya treni. Nunua maji, matunda na zawadi za nyumbani Jumamosi jioni. Maji ya bomba yananyweka, kwa hiyo chupa moja unaijaza safari nzima, na chupa ya plastiki ukiirudisha kwenye mashine dukani unarudishiwa senti 25.

Siku hiyo ni ya Museumsinsel, kisiwa cha makumbusho, dakika kumi na tano kwa miguu kutoka hotelini. Makumbusho ni matano, na kosa ni kutaka kuyamaliza yote. Pergamon, lililo maarufu kuliko yote, limefungwa kwa ukarabati tangu Oktoba 2023 na litafunguliwa kwa vipande kuanzia 2027, kwa hiyo usikate tiketi ya kisiwa kizima kwa ajili yake. Ingia Neues Museum peke yake, kwa tiketi yenye saa, zamu ya kwanza ya asubuhi, na uende moja kwa moja kwenye sanamu ya kichwa cha malkia Nefertiti ghorofani kabla makundi hayajafika. Kichwa hicho kilifukuliwa Amarna, Misri, mwaka 1912. Kupiga picha ndani ya chumba chake ni marufuku na walinzi hawana mchezo. Sehemu nyingine piga tu. Angalia na jengo lenyewe: lilipigwa mabomu vitani, likakaa gofu kwa miongo, na lilipofunguliwa tena 2009 makovu ya kuta yaliachwa yaonekane.

Mchana panda S-Bahn hadi Ostbahnhof ukatembee East Side Gallery, mita 1,316 za Ukuta zilizochorwa na wasanii mwaka 1990, hadi daraja la Oberbaum. Ni nje, ni bure. Hapo na kwenye madaraja ya katikati utakuta watu wanacheza mchezo wa vikombe vitatu na kijiwe. Wanaoshinda ni wenzao. Wengine watakuletea karatasi ya kusaini kwa ajili ya "viziwi"; ukiwa unasaini, mwenzake yuko kwenye mfuko wako. Potsdam na kasri la Sanssouci ni pazuri, lakini panakula siku nzima, na kwa muda ulio nao ningeliacha.

Jumatatu makumbusho mengi yamefungwa, na wasiojua huipoteza siku hiyo wakizunguka milango. Humboldt Forum hufungwa Jumanne badala yake, hivyo Jumatatu ni siku yake, kuanzia saa nne na nusu asubuhi. Maonyesho yake mengi ya kudumu hayana kiingilio. Humo mna makumbusho ya etnolojia, yenye hazina iliyokusanywa pia Afrika Mashariki ya Kijerumani, vingine vikiwa nyara za Vita vya Maji Maji, ingawa si vyote vinavyoonyeshwa.

Kutoka hapo U5 hadi Brandenburger Tor, kisha kusini kwa Wilhelmstraße hadi namba 92. Utakuta kibao tu cha maelezo mbele ya nyumba za kawaida. Hapa palikuwa na ofisi ya Bismarck, na ndani yake mkutano wa kuigawana Afrika ulikaa kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885. Siku moja baada ya kufungwa, Kaizari alitoa hati ya ulinzi kwa kampuni ya Carl Peters juu ya Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Ukiendelea kusini kidogo unafika Topographie des Terrors, palipokuwa makao ya Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi. Hufunguliwa kila siku, bure, na panataka saa moja na nusu. Au, kama historia ya kwetu inakuvuta zaidi, chukua U6 hadi Afrikanische Straße au Rehberge, kwenye mtaa wenye majina kama Sansibarstraße na Ugandastraße. Barabara iliyoitwa Petersallee, iliyopewa jina la Peters huyohuyo mwaka 1939, ilibadilishwa Agosti 2024, na kipande chake kimoja sasa ni Maji-Maji-Allee. Ni makazi ya watu, hakuna cha kuingia. Ni kibao cha barabara na dakika ishirini za kutembea.

Popote utakapokwenda kwa miguu, tazama rangi ya njia: kipande chekundu au kilichochorwa baiskeli si chako. Waendesha baiskeli wa Berlin wanakimbia na hawapunguzi. Weka pia euro 20 za sarafu na noti ndogo, kwa vyoo vya umma (senti 50 hadi euro 1) na vibanda vya chakula visivyopokea kadi.

Acha begi hotelini Jumatatu asubuhi na ulichukue jioni. Kwenda uwanja wa ndege, S9 inatoka Alexanderplatz moja kwa moja hadi chini ya jengo la abiria la BER. Itenge kwa saa nzima. Tiketi ni ABC, na ukiwa na AB mkononi nunua nyongeza ya kanda C kabla ya kupanda. Kwa ukaguzi wa usalama, uwanja una huduma ya bure iitwayo BER Runway ya kuweka miadi ya muda wa kupita. Iweke siku moja au mbili kabla, na foleni ya jioni haitakuhusu.